Utamu Ndani ya Gari

Kwanza ulikuwa ukungu kwenye kioo cha mbele,
ukungu wenye mafuta, usiokubali kiganja,
unaorudi kabla hatujamaliza kona ya pili ya mlima Dolon.
Baba aliufuta kwa kofia, akailaumu baridi.
Mimi nilinusa.

Kulikuwa na utamu humo ndani,
utamu wa tunda lililochachia mfukoni,
nami utamu wa namna ile naujua:
miaka tisa aliulalia na kuuamkia,
mwaka mmoja na nusu ameuacha,
au ndivyo alivyotuapia, mkono juu ya mkate.

Sikusema. Nilipekua.
Chini ya kiti: spana namba kumi, risiti za petroli,
soksi moja ya mdogo wangu Jyparkul.
Nyuma ya gurudumu la akiba: vumbi.
Asiyeikuta chupa huamini tu
kwamba safari hii imefichwa vizuri zaidi.

Jumanne usiku, mbele ya mama, nilimuuliza.
Hakubisha.
Alivaa viatu akatoka kwenda kulisha kondoo
ambao tulikuwa tumekwisha kuwalisha.

Siku zote hizo aliyekuwa akinywa ni gari.
Audi ile kuukuu, nusu lita kwa wiki, halafu lita,
mshale wa joto ukipanda kwenye mwinuko
kama nyusi za mtu anayesikia uongo.

Nikatandika kadibodi chini ya injini, ikalala kavu.
Rejeta kavu. Mipira haina ufa. Pampu ya maji haina hata chozi.
Moshi mweupe nyuma? Naryn, mwezi wa kwanza,
kila gari linatoa moshi mweupe,
hata punda. Huo si ushahidi.

Fundi Esenbek alifunga pampu ya mkono kwenye tangi,
akasukuma, akawasha sigara, akaitazama saa ya presha.
Ikashuka. Polepole, lakini ikashuka.
“Maji hayapotei,” akasema, “yanahama.
Tutafute yalikohamia.”
Akafunua kapeti
upande wa abiria. Upande wangu.
Chini ya viatu vyangu mwenyewe, sponji imelowa chepechepe,
kijani, inanata. Nikachovya kidole, nikanusa.

Ni ule ule.

Hita ilikuwa imetoboka nyuma ya dashibodi,
kitundu cha kupitisha uzi,
na kila tulipowasha joto ilitupulizia kulanti usoni,
ikapaka kioo, ikashuka miguuni, ikanisubiri.

“Tuiruke,” baba akasema. “Unganisha mipira miwili, basi.”
Kazi ya dakika kumi, malipo chai.
Lakini kuvuka Dolon bila hita, yeye peke yake, alfajiri,
digrii ishirini na saba chini ya sifuri?
Nikatoa pesa zangu za simu mpya.
Hita iliyotumika ikaja kutoka Bishkek juu ya magunia ya viazi.

Siku mbili kung'oa dashibodi.
Skrubu tulizipanga kwenye vifuniko vya jemu.
Mimi tochi, yeye bisibisi.
“Kushoto kidogo.” “Hapo.” “Juu.”
Hatukuwa na maneno mengine, na hayo yalitosha kufungua klipu.

Kisha kujaza, na kutoa hewa:
hita wazi kabisa, injini inanguruma,
baba anaminya mpira wa maji, anaachia, anaminya,
mapovu yanapanda moja moja.
Hewa ikibaki ndani, alisema, joto halifiki popote,
hata tangi likijaa.

Likafika. Kwanza harufu ya vumbi,
halafu joto lisilonuka chochote.
Tulikaa mbele wawili, milango imefungwa,
nami nilikuwa na neno, nimelibeba tangu kapeti ile,
ulimi ukakataa kulishusha.

Akanirushia kitambaa.
“Futa kioo, Aizirek.”

Nikafuta, pembe hadi pembe, mara mbili,
ingawa kilikuwa safi.